Maswali ya Wajenzi: Maskani ya Minecraft kwenye Seva ya Watu Wengi

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: namna ya kupanga maskani ya Minecraft kwenye dunia inayochezwa na wengi. Namba tunazotoa ni za toleo la 1.18 na kuendelea. Java na Bedrock, yaani matoleo mawili ya mchezo huu, yakitofautiana tutasema. Tofali moja la mchezo ni mita moja kila upande, kwa hiyo tukisema umbali, hesabu matofali.

Tupo 12 kwenye seva ya Java. Kila nikichagua pa kujenga nakuta mtu keshachimba. Nisogee umbali gani, na niangalie nini kabla sijaweka tofali la kwanza?
*Jiwe la Ziwa, Mwanza*

Anza na kilicho karibu na mahali ambapo wachezaji wapya wanatokea. Seva ya Java huja na ulinzi wa eneo hilo, uliowekwa kwenye 16: maana yake mraba wa 33 kwa 33 ambao asiye mwendeshaji hawezi kuvunja wala kuweka kitu. Ukijenga ukingoni mwake, siku utakayotaka kupanua utagonga ukuta usioonekana. Mbaya zaidi, kila mgeni mwenye njaa atapita kwako.

Umbali tunaopenda ni kati ya 600 na 1,500. Kukimbia ni matofali 5.6 kwa sekunde, hivyo 1,000 ni dakika 3 hivi. Ukipita Nether (dunia ya pili ya moto, inayoingiwa kwa lango), ambako hatua moja ni sawa na 8 za dunia ya kawaida, zinabaki 125, yaani sekunde 22. Kwenda elfu 10 ili ufichike ni kujifunga mwenyewe: hutawatembelea wenzako, nao hawatakutembelea, na soko la seva litakupita.

Ukishafika, usiangalie mandhari kwanza. Angalia kama kuna maji, kama kuna msitu ndani ya matofali 100, na kama kuna kijiji cha wanakijiji karibu, kwa sababu kuwahamisha kwa mashua au kigari cha reli ni kazi ya jioni nzima. Kisha chimba shimo moja la majaribio hadi kina cha kama 20. Ukitokea kwenye pango kubwa, sogea. Orofa ya chini ya ardhi haitajengeka bila kuziba matundu siku tatu.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni umbali wa uigaji wa seva, yaani eneo linalozunguka mchezaji ambamo mambo yanaendelea kutokea. Kwenye Java kawaida ni chanki 10, na chanki moja ni 16 kwa 16, kwa hiyo ni 160 kila upande. Kwenye Bedrock ya simu mara nyingi ni chanki 4 tu, yaani 64. Shamba lililo nje ya hapo halikui, tanuri haliivishi, hopa (faneli za kupitisha vitu) hazisogezi kitu. Kwa hiyo weka mahali unapokaa muda mrefu (ghala na meza za kazi) katikati, na mashamba yote yazunguke hapo ndani ya 60. Mpango huo utafanya kazi kwenye seva nyingi.

Nimewasha mienge kila pahali uani lakini kila asubuhi nakuta kripa, wale maadui wanaolipuka. Wanatoka wapi?
*Fundi wa Zamu, Eldoret*

Juu ya paa, karibu kila mara.

Tangu 1.18 maadui wa kawaida wa dunia ya juu huzuka pale tu ambapo mwanga wa taa ni 0. Zamani walizuka hata kwenye 7, na ndiyo maana video za zamani zinakuambia upande mienge kama mahindi. Mwenge unatoa 14, na mwanga unapungua 1 kwa kila tofali, ukihesabu kwa njia ya kona, si ya mshazari. Kwenye uwanja tambarare usio na kizuizi, mienge iliyopangwa kwa gridi ya 12 kwa 12 inatosha kabisa. Sisi hupendekeza 10, kwa kuwa uani hakukosi ukuta wala mti wa kukata mwanga.

Sasa paa. Paa tambarare la matofali kamili lisilo na mwenge ni uwanja mweusi usiku. Kripa anazuka pale, anaanguka uani, na wewe unalaumu geti. Dawa ni mbili: ama mienge juu, ama paa la nusu tofali zilizowekwa upande wa chini, kwa sababu hakuna kinachozuka juu ya nusu ya chini. Kioo nacho hakizukiwi. Kagua vilevile nyuma ya ngazi, chini ya jukwaa na kwenye handaki lililoachwa nusu.

Baada ya hapo ndipo ukuta. Matofali 3 kwenda juu yanamzuia zombi na kripa, ila buibui hupanda. Ongeza mstari mmoja unaochomoza nje kama ukingo wa kofia naye atakwama. Ukifuga paka, waketishe karibu na milango: kripa humkimbia paka akiwa umbali wa 6. Paka 4 huwalinda watu vizuri kuliko ukuta wa obsidiani, lile jiwe jeusi gumu kuvunjika.

Kuna anayependa njia ya mkato ya kuzima kanuni ya mobGriefing, ili kripa akilipuka asibomoe. Itafanya kazi, lakini wanakijiji wakulima wataacha kuvuna. Jadilianeni kwanza.

Usiku hauishi! Watu wawili hawapo kwenye kompyuta zao na hatuwezi kulala.
*Kundi la Darasa, Arusha*

Mwendeshaji aandike /gamerule playersSleepingPercentage 30. Mkiwa 12, wakilala 4 usiku unaruka. Jina likikataliwa, andika /gamerule kisha bonyeza Tab. Orodha ya majina ya toleo lenu itajitokeza. Asiyelala siku 3 za mchezo ataanza kuwindwa na fantomu angani, hata kama usiku uliruka kwa usingizi wa wenzake, kwa hiyo kila mtu awe na kitanda chake.

Ghala letu ni vurugu, masanduku 40 na hakuna anayejua kilicho ndani. Nataka mashine ya kuchambua vitu yenyewe. Nilijaribu kuijenga mara mbili, ikaanza vizuri, kisha ikamwaga kila kitu kwenye sanduku moja.
*Hopa Tano, Kisumu*

Kwanza tukuulize: mnavyo vitu vya aina ngapi vinavyoingia kwa wingi? Kama ni chini ya 15, mapipa yaliyobandikwa fremu yenye picha ya kitu yanatosha. Pipa lina nafasi 27 sawa na sanduku moja, na linafunguka hata likiwa na tofali juu yake, hivyo unaweza kuyarundika ukutani hadi darini. Mashine ya kuchambua ina maana pale mashamba yanapotapika mizigo kuliko mikono yenu.

Kama bado unaitaka, elewa hesabu yake, maana kosa lako limo humo.

Hopa ina nafasi 5. Kompareta iliyo nyuma yake husoma imejaa kiasi gani. Ikiwa na vitu 45 vya aina inayorundikika hadi 64, kompareta hutoa nguvu 2. Kitu cha 46 kikiingia, nguvu inakuwa 3. Mashine nzima imesimama juu ya tofauti hiyo ya kitu kimoja. Kwa hiyo hopa ya kuchuja hujazwa hivi: nafasi ya kwanza weka 41 ya kitu unachotaka (tuseme chuma), na nafasi 4 zilizobaki weka kitu kimoja kimoja cha kuzibia. Jumla 45.

Kompareta inapeleka nguvu kwenye unga wa redstoni (waya wa umeme wa mchezo) wa matofali 3. Kila tofali la unga linapunguza 1, hivyo nguvu 2 inakufa kabla ya kufika la tatu, na nguvu 3 inafika ikiwa imebaki 1. Unga wa tatu unaingia kwenye ripita (kifaa cha kuongeza nguvu upya), ripita inaelekea kwenye tofali gumu, na ubavuni mwa tofali hilo pana mwenge wa redstoni. Mwenge huo huwaka muda wote na ndio unaoifunga hopa ya chini. Chuma cha 46 kikiingia, mwenge unazima, hopa ya chini inafunguka, inavuta kimoja, nguvu inarudi 2, mwenge unawaka tena.

Sasa yanayoharibika.

Mdomo wa hopa ya kuchuja. Lazima uelekee ubavuni, upande wa kompareta, usielekee chini. Ukielekea chini, hopa hiyo inasukuma vitu yenyewe, na hopa iliyofungwa haivuti wala haitoi lakini inapokea kinachosukumwa ndani yake. Matokeo: zile 41 zinaondoka, nafasi inakuwa tupu, na chochote kinachopita kinaingia. Huo ndio mmwagiko ulioueleza. Ili kuugeuza mdomo, chuchumaa kisha bofya ubavu wa tofali unalotaka uelekee.

Vitu vya kuzibia. Wengi hutumia udongo au vijiti. Siku kijiti kikija kwenye mkondo, kitajirundika juu ya mwenzake, hesabu itapanda, na hopa itaanza kuvujisha. Chukua vitu 4 vyovyote, vipe jina kwenye fuawe, kwa mfano "kizibo". Kitu chenye jina hakirundikani na kisicho na jina.

Kubanana. Ukipanga vichujio bega kwa bega, unga wa jirani unaungana na wako na mlango wa mwenzako unafunguka kwa chuma chako. Acha tofali moja kati ya kichujio na kichujio. Huipotezi nafasi hiyo, maana sanduku pacha lenyewe lina upana wa 2.

Kwa mpangilio huo kila kichujio kinakula hopa 4: mbili za mkondo wa juu, moja ya kuchuja, moja ya kufunga. Hopa moja ni vipande 5 vya chuma na sanduku 1. Aina 20 za vitu ni hopa 80, yaani chuma 400, na masanduku 80 yanayotaka mbao 640, ambazo ni magogo 160. Bado hujahesabu masanduku ya ghala lenyewe, wala kompareta 20 zinazotaka kwazi 20 ya Nether. Sisi tungeanza na aina 6.

Mwisho wa mkondo weka sanduku la mabaki. Bila hilo, panga la kwanza lisilo na kichujio litaziba njia na vitu vyote vitasimama nyuma yake. Panga, sururu na mavazi havirundikani, kwa hiyo mashine hii haiwezi kuvichambua. Vyote vitaishia kwenye mabaki. Hopa inapitisha vitu 2.5 kwa sekunde, na rundo moja la 64 linachukua sekunde 26 hivi, kwa hiyo usimwage mizigo 30 kisha ukadhani imekwama.

As-salaam alaykum. Nikitoka kwenye seva, nikirudi nakuta almasi zimeibwa. Nikijenga chumba cha obsidiani nitakuwa salama?
*Mpiga Mbizi, Maskati*

Wa alaykum salaam. Hapana. Sururu ya almasi inavunja obsidiani moja kwa sekunde 9.4. Chumba chako kitamchelewesha mwizi aliyetulia kwa dakika moja, na pia kitamwambia kwamba ndani kuna kitu.

Mali ya thamani weka kwenye sanduku la Ender. Linatengenezwa kwa obsidiani 8 na jicho 1 la Ender, na kila mchezaji akilifungua anaona vyake tu. Nafasi ni 27, ila kila nafasi inaweza kubeba sanduku la shulka (linalobebeka na vilivyomo) lenye nafasi 27 nyingine: jumla 729. Ukilivunja kwa sururu isiyo na Silk Touch (uchawi wa kung'oa kitu kikiwa kizima) utapata obsidiani 8 badala ya sanduku, lakini vilivyomo havipotei; tengeneza jingine utavikuta.

Kwa mashamba na majengo, muombe mwendeshaji aweke programu ya kumiliki viwanja. GriefPrevention ni ya kawaida kwenye seva za Java: unashika koleo la dhahabu, unabofya kona mbili zinazokabiliana, kiwanja ni chako. Hapo watu hukosea kwa ukarimu. Amri ya /trust inampa mtu ruhusa ya kujenga na kuvunja. Kama unataka rafiki afungue masanduku bila kujenga, mpe /containertrust. Kama ni milango na vitanda, /accesstrust. CoreProtect nayo hutunza kumbukumbu: andika /co inspect, bofya sanduku, utaona nani alitoa nini na lini. Kwenye seva nyingi ruhusa hiyo ni ya waendeshaji peke yao.

Mimi na jirani yangu kila mmoja ana lango lake la Nether. Akiingia la kwake anatokea kwangu. Tumevunja na kujenga upya mara nne.
*Kona Mbili, Minneapolis*

Hamjakosea ujenzi, mmekosea hesabu. Ukiingia lango upande wa dunia, mchezo unagawanya X na Z (namba za mahali ulipo) kwa 8, kisha unatafuta lango la Nether lililo ndani ya 16 kutoka hapo. Likiwepo, unatumia hilo. Ukirudi, unazidisha kwa 8 na kutafuta ndani ya 128. (Namba hizo mbili za utafutaji ni za Java.)

Tuseme lango lako liko X 640, Z −320, na la jirani X 720, Z −300. Upande wa Nether lako ni 80, −40. Lake linapaswa kuwa 90, −38. Umbali kati yake ni kama 10, ambao ni mdogo kuliko 16. Wewe ulitangulia, lango lako la Nether lipo, la kwake halijawahi kujengwa, basi mchezo unamtupa kwako. Kuvunja na kujenga huku juu hakubadilishi kitu.

Dawa: aingie Nether, atembee hadi X 90, Z −38, ajenge fremu kwa mkono na kuiwasha. Mchezo huchagua lango lililo karibu zaidi, na urefu kutoka chini unahesabiwa pia, kwa hiyo ajenge kwenye Y (namba ya kimo) inayokaribiana na ya lango lake la juu. Fremu ndogo ni 4 kwa 5: obsidiani 14, au 10 ukiacha kona. Izungushie mawe ya kawaida, kwa sababu bomu la ghasti (adui anayeruka wa Nether) halibomoi jiwe lakini linaweza kuzima lango. Asiingie Nether bila kiberiti cha chuma mfukoni. Na kitanda ukikilalia Nether hulipuka, msijaribu.

Nataka maskani yangu iwe nyumba ya mawe ya Kiswahili kama za Lamu, siyo kasri la Ulaya. Nitumie matofali gani na vipimo gani?
*Binti Zidaka, Mombasa*

Swali hili limetupendeza kuliko yote. Na tangu toleo la 1.19 la mwaka 2022 mchezo una mikoko, kwa hiyo hata boriti utapata za kweli.

Upana wa chumba katika nyumba hizo uliamuliwa na urefu wa boriti: mita 3 au pungufu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Fuata hivyo hivyo. Chukua kiwanja cha 9 kwa 15. Ndani utabaki na 7 kwa 13. Weka kuta 3 za kukatiza, na nafasi zitakazobaki zigawe kutoka mlangoni: tekani (ukumbi wa kuingilia) 2, kiwanda (ua) kilicho wazi juu 3, msana (ukumbi mrefu) 2, ndani (chumba cha faragha) 3. Ukuta kati ya kiwanda na msana utoboe matao. Nje ya mlango weka daka (kipenu cha mlangoni) lenye baraza pande mbili, la ngazi za mawe zilizogeuzwa au nusu tofali. Milango usiipange mstari mmoja: wa nje uwe kushoto, wa tekani kwenda kiwandani uwe kulia, mgeni aliye barabarani asione ndani. Mpango huo uliwekwa kwa ajili ya sitara, na kwenye seva unafaa pia dhidi ya mshale wa adui wa mifupa, ambao haupindi kona.

Chokaa: zege nyeupe. Unga wake ni mchanga 4, kokoto 4 na rangi nyeupe 1, unapata matofali 8. Ukiguswa na maji unakuwa zege. Kuta za nje za urefu wa 4, ghorofa mbili, ni matofali 352. Za ndani 168. Jumla 520 kabla ya kutoboa milango: mchanga 260, kokoto 260, rangi 65. Changanya kalsaiti tofali moja kati ya 8 hivi, ukuta usionekane kama friji. Unga wa zege huanguka kama mchanga, hivyo ujenge safu kutoka chini au uugandishe kwanza.

Dari: magogo ya mkoko yaliyolazwa, moja kila baada ya tofali moja, juu yake nusu tofali. Zidaka (vishubaka vya ukutani) zipange kwenye ukuta wa nyuma wa ndani, na hapo tu ufanye ukuta uwe mnene wa 2: toboa safu ya mbele, acha ya nyuma, kila tundu liwe na mshumaa au chungu. Kiwanda kiko wazi, basi kiwashe. Hapo ndipo kripa wa Eldoret atakapokuja.

Kuna sababu nzuri ya kupima kabla ya kujenga. Mojang, waundaji wa Minecraft, na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Nairobi, walianzisha mwaka 2012 mradi wa Block by Block, ambao huwaketisha wakazi mbele ya Minecraft wapange wenyewe viwanja vyao vya umma. Kazi ya mwanzo ilikuwa uwanja wa Silanga, Kibera. Tofali la mita moja linakosa unyeti wa nakshi, lakini kwa upana wa uchochoro na kimo cha ukuta halidanganyi.

Nilitengeneza jiko la kuni lenye moto wa kweli. Nyumba yote imeteketea. Mwamba wa Nether si hauungui?
*Majivu, Bujumbura*

Mwamba hauungui, ila moto ulio juu yake hauzimi, na moto unaweza kuruka hadi tofali 4 kwenda juu na 1 pembeni. Dari la mbao lenye kimo cha 3 halina ujanja. Tumia moto wa kambi: vijiti 3, makaa 1, magogo 3. Unaangaza kwa 15, unachoma nyama 4 kwa pamoja, na hausambai. Ukitaka kubaki na mwamba wa Nether, dari lililo juu ya jiko liwe la jiwe kwa matofali 5, na usiweke hata zulia karibu.

Lava kwenye bomba la kioo nayo ni mtego uleule. Inawasha mbao zilizo karibu bila kuzigusa. Kama nyumba ni ya mbao, simamisha nje nguzo ya jiwe yenye fimbo ya radi juu yake. Ni vipande 3 vya shaba, na inavuta radi zinazopiga ndani ya 128 kwenye Java, 64 kwenye Bedrock.